Yowe Bila Mwizi: Interferoni Rekombinanti na Utafiti wa Kinga Dhidi ya Virusi

Hotuba kwa wataalamu wa maabara, maofisa mifugo na wanafunzi wa shahada za juu, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu na walimu wangu mliotangulia katika kazi hii, wataalamu wa maabara za hospitali na za mifugo, wanafunzi, mabibi na mabwana: wakubwa wangu, shikamooni, na wengine wote, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kichupa. Aliyeniandikia barua ya mwaliko alitumia maneno marefu kuliko hilo, lakini mwisho wa yote tunachokizungumzia ni kichupa cha plastiki chenye urefu wa kidole gumba, ambacho ukikiinua kwenye mwanga wa dirisha utaapa kwamba hakina kitu. Ndani yake mna maikrogramu 20 za protini iliyokaushwa ikiwa imegandishwa, kiasi ambacho jicho halikioni, na ambacho mara nyingi hujibana chini ya kifuniko, hata mtu anayekifungua kwa pupa bila kukizungusha kwanza kwenye sentrifuji huifuta protini yote kwa glavu yake na kuitupa nayo. Protini hiyo ni interferoni. Nimekuja kusema kwamba kichupa hicho kinaweza kutujibu maswali kuhusu virusi vya ukanda wetu ambayo ni vigumu kuyajibu kwa njia nyingine, na kwamba kitatudanganya bila haya iwapo tutakiuliza kabla ya kukifahamu.

Sisi tuliolelewa kwenye miteremko ya mlima huu tunalijua yowe. Mwizi akiingia zizini usiku, mwenye nyumba anaweza asimwahi na ng'ombe akaondoka, lakini sauti yake inaamsha kitongoji kizima: huyu anakaza komeo, yule anawasha taa, mwingine anatoka na panga. Seli iliyovamiwa na virusi hufanya jambo linalokaribiana sana na hilo. Vihisi vilivyomo ndani yake hutambua RNA au DNA ya kigeni na kuwasha jeni za interferoni, nayo interferoni hutoka nje na kushika vipokezi kwenye utando wa seli za jirani. Kipokezi kikishikwa, huamsha protini ziitwazo JAK, nazo huziamsha nyingine ziitwazo STAT, ambazo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni kwa mara moja. Miongoni mwa kazi za jeni hizo, OAS humwamsha mwenzake RNase L anayekatakata RNA, PKR husimamisha utengenezaji wa protini ili virusi vikose mtumishi, na protini za Mx hunasa virusi vya mafua na vingine kadhaa. Seli iliyopiga yowe huenda ikafa. Jirani zake wamekwisha kaza makomeo.

Interferoni zenyewe ni ukoo wenye matawi matatu. Tawi la kwanza lina alfa, ambazo kwa binadamu ni zaidi ya kumi, pamoja na beta na nyingine chache, na karibu kila seli ya mwili ina kipokezi chake. La pili lina mmoja tu, gamma, anayetolewa hasa na seli T na seli ziitwazo NK, zote zikiwa seli za kinga ya mwili. La tatu, lambda, lilitambuliwa mwaka 2003, na vipokezi vyake, ambavyo ndivyo masikio ya yowe, viko hasa kwenye tabaka la juu la njia ya hewa na utumbo, yaani mlangoni mwa mwili.

Wazo kwamba ambukizo moja laweza kuzuia jingine ni la zamani kuliko jina interferoni, na Afrika Mashariki imo katika habari hiyo tangu mwanzo. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vilitambuliwa kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1931. Miaka sita baadaye, Findlay na MacCallum walionesha kwamba kima walioambukizwa virusi hivyo walipata kinga fulani dhidi ya homa ya manjano, ingawa virusi hivyo viwili havina undugu wowote. Mwaka 1957 Alick Isaacs na Jean Lindenmann, wakifanya kazi Mill Hill, London, walichukua vipande vya utando wa yai la kuku lenye kiinitete, wakaviwekea virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto, kisha wakaona kwamba kimiminiko kilichobaki kilikuwa na kitu kinacholinda vipande vingine vipya. Kitu hicho wakakiita interferoni. Nagano na Kojima wa Japani walikuwa wameona jambo la aina hiyo mwaka 1954, na haki inataka nao watajwe.

Kwa miaka zaidi ya ishirini tatizo likawa upatikanaji. Kari Cantell, kule Helsinki, alikusanya chembe nyeupe kutoka kwenye damu ya wachangiaji wa Msalaba Mwekundu wa Finland, akaziambukiza virusi vya Sendai na kuvuna kilichotoka. Kazi ilikuwa kubwa na ya kuheshimiwa, lakini interferoni yenyewe haikufika hata asilimia moja ya protini iliyokuwemo kwenye mavuno hayo. Mtafiti aliyeona matokeo mazuri au mabaya hakuweza kuapa kama yametokana na interferoni au na kitu kingine katika mchanganyiko ule. Kilichofungua njia ni kunakiliwa kwa jeni: Tadatsugu Taniguchi aliipata ya beta, na kundi la Charles Weissmann mjini Zurich likaipata ya alfa, yote yakitokea kati ya 1979 na 1980; ya gamma ikafuata mwaka 1982.

Kutoka hapo kazi ni ya kiwanda, nami sitaikalia sana. Jeni ya binadamu huwekwa ndani ya bakteria wa E. koli, bakteria hukuzwa kwenye matangi, na protini huvunwa, mara nyingi ikiwa imesokotana kama sufi iliyolowa, hivyo hulazimika kuyeyushwa, kukunjwa upya hadi ipate umbo lake la kufanyia kazi, na kusafishwa hatua kwa hatua. Bakteria huyo hana uwezo wa kuibandikia protini sukari. Kwa alfa-2, yenye asidi amino 165, upungufu huo haujazuia kazi. Kwa beta, ambayo kwa asili ina sukari kwenye asidi amino ya 80, tofauti ipo, ndiyo maana nyingine hutengenezwa kwenye seli za hamsta wa China, mnyama mdogo jamaa ya panya. Mkiagiza beta, ulizeni imetoka kwenye seli gani. Protini ya jinsi hii, iliyozaliwa na jeni iliyohamishiwa kwa mwenyeji mwingine, ndiyo tunayoiita rekombinanti.

Sasa, faida yake kwa mtafiti ni ipi? Ni kwamba tunaweza kupiga yowe bila mwizi. Katika maambukizi ya kawaida virusi na interferoni huja pamoja, na huwezi kujua lipi limesababishwa na nani. Ukiwa na kichupa, unaiamsha seli kwa kipimo unachokijua, kwa saa unayoichagua, kisha ndipo unaleta virusi, au huleti kabisa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo utamu ulipo. Virusi karibu vyote vinavyotusumbua vimepata mbinu ya kuikwepa interferoni, na mbinu hizo, kwa kurahisisha, ni za namna mbili: kumziba mdomo anayepiga yowe, au kumziba masikio jirani. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ambavyo wenzetu wa Ngorongoro, Monduli na kwingineko wanavikumbuka kwa mlipuko wa 2006 na 2007, kondoo na mbuzi walipotupa mimba na wachinjaji wakaugua, ni wazibaji wa mdomo. Vina protini iitwayo NSs, inayoingia kwenye kiini cha seli na kuzima usomaji wa jeni, ile ya interferoni beta ikiwemo. Ipo aina ya virusi hivyo iitwayo Clone 13, iliyopatikana Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambayo kwa bahati imepoteza sehemu kubwa ya NSs. Panya wa kawaida wakidungwa aina hiyo wanapona. Panya walionyimwa kipokezi cha interferoni za tawi la kwanza wanakufa. Jaribio hilo moja, lililochapishwa mwaka 2001, lilieleza ukali wa ugonjwa kuliko kurasa nyingi za maelezo, na Clone 13 hiyo hiyo ikawa chanjo ya mifugo huko Afrika Kusini.

Chikungunya, ambayo jina lake limetoka kwa ndugu zetu Wamakonde baada ya mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa nchi hii, ina ustadi wa kuziba masikio. Protini yake iitwayo nsP2 huzuia ishara ya JAK na STAT, hivyo interferoni hugonga mlango, kipokezi kikaitika, na habari isifike chumbani.

Mtawezaje kutofautisha mambo hayo mawili kwenye benchi? Chukueni seli za Vero. Zilitokana na figo la tumbili wa Afrika, jamaa ya huyu huyu anayetuhujumu mahindi shambani, na zilianzishwa Chiba, Japani, mwaka 1962. Zimepoteza jeni zao za interferoni za tawi la kwanza lakini vipokezi vyake ni vizima: zina masikio, hazina mdomo. Yowe lolote la tawi hilo litakalosikika ndani ya sahani ni lile ulilolileta wewe kwa pipeti. Ukiweka interferoni leo na virusi kesho, unapima iwapo nyumba iliyokwisha kaza makomeo inavunjika. Ukitanguliza virusi, ukasubiri saa kadhaa, kisha ukaweka interferoni na kutazama kama STAT1 imeingia kwenye kiini, unapima masikio yenyewe. Tahadhari moja kwa wanafunzi: kwa virusi kama vya Bonde la Ufa, vinavyozima usomaji wa jeni kwa jumla, msipime jeni zilizowashwa peke yake, maana mtauona mdomo uliozibwa mkadhani ni sikio. Pimeni STAT pia. Na virusi kamili vya homa hiyo havishikwi kwenye benchi la kawaida. Hilo nadhani kila aliyemo ukumbini analijua.

Nije kwenye vipimo, na hapa mtanisamehe kwa mfano wa nyumbani. Mkinunua umeme wa LUKU mnalipa shilingi, lakini taa haiwaki kwa shilingi, inawaka kwa yuniti. Katika kichupa chetu maikrogramu ndizo shilingi. Yuniti hupimwa kwa kazi: interferoni huzimuliwa hatua kwa hatua kwenye sahani ya visima 96 yenye seli, virusi vya kuua seli vikaongezwa, na siku inayofuata seli zilizo hai zikapakwa rangi ili kuona ulinzi ulikomea kisima gani, vyote vikilinganishwa na kipimo sanifu cha kimataifa. Alfa-2 iliyo bora hutoa takriban yuniti milioni 200 kwa miligramu. Fanyeni hesabu: nanogramu moja ni yuniti 200, na kile kichupa kinachoonekana kitupu kina yuniti milioni nne, zinazotosha lita nne za kimiminiko cha kukuzia seli kwa kipimo cha yuniti 1,000 kwa mililita. Kwa maabara ndogo hiyo ni kazi ya mwaka au zaidi. Lakini vichupa viwili vyenye uzito ule ule, kimoja kikiwa kimekunjwa vizuri na kingine vibaya, vinaweza kupishana mno kwa yuniti, na karatasi ya utafiti inayoandika "nanogramu 10" bila kutaja yuniti haimsaidii mtu anayetaka kurudia jaribio.

Nami nilifunzwa hayo kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita, katika maabara moja niliyofanyia kazi, tuliagiza alfa kutoka nje, na mzigo ukakaa siku tisa kwenye ghala fulani ukisubiri karatasi. Ulipofika, barafu ilikuwa imekwisha yeyuka na sanduku limelegea kwa maji. Tulilaumu sana, mimi nikiwa kinara wa lawama. Tulipoipima tukaikuta nzima kabisa, kwa sababu protini iliyokaushwa huvumilia siku chache za joto kuliko tunavyodhani. Kilichoiharibu nilikifanya mimi kwa mikono yangu. Niliiyeyusha kwenye bafa tupu, yaani maji ya chumvi ya maabara yasiyo na protini nyingine, nikaizimua hadi nanogramu 10 kwa mililita, nikaiweka yote kwenye mrija mmoja mkubwa ndani ya jokofu, na kila Jumatatu tukawa tunachota. Wiki ya kwanza seli zilisimama imara. Wiki ya pili zikayumba. Wiki ya tatu virusi vikazifagia zote, na kijana aliyekuwa akinisaidia akaandika daftarini kwamba virusi vimeanza usugu dhidi ya interferoni. Nikatia sahihi.

Tulikuwa tumeanza hata kuandika muhtasari wa kupeleka mkutanoni. Aliyetuokoa ni mtaalamu wa maabara wa siku nyingi, mama ambaye wote tulimwita Mama tu, aliyepita nyuma yangu nikiwa nachota, akatazama mrija, akauliza, "Mwanangu, umeweka albumini?" Sikuwa nimeweka. Protini ikiwa chache kiasi kile hujishikiza kwenye kuta za plastiki, na bila protini nyingine ya kuzifunika kuta hizo unabaki na maji yenye jina la interferoni. Virusi vyetu havikuwa na usugu wowote. Tangu siku hiyo naiyeyusha ikiwa nzito kama karatasi ya mtengenezaji inavyoelekeza, naiongezea albumini isipokuwa pale jaribio lenyewe linapoikataa, naigawa mara moja kwenye mirija midogo ya matumizi ya siku moja, na kuihifadhi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mrija ukishayeyuka haurudi kugandishwa. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo nusu ya mirija naiweka kwenye friza ya jengo jingine.

Udanganyifu wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu huleta matokeo mazuri. E. koli ana kwenye ngozi yake sumu iitwayo endotoksini, na chembe yake ndogo ikibaki kwenye protini, makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza vijidudu, huitambua na kupiga yowe lao wenyewe, wakitoa interferoni beta. Mtafiti aliyeweka gamma ataona makrofaji wamechangamka, ataandika kwamba gamma imefanya kazi, kumbe aliyezungumza ni bakteria. Ipo hila rahisi isiyohitaji fedha, nami naipenda sana: chemsha sehemu ya protini yako kwa nusu saa, kisha iweke kwenye kisima kama ile isiyochemshwa. Gamma haivumilii kuchemshwa, endotoksini inavumilia. Makrofaji wakichangamka kwa iliyochemshwa, umemkamata mwizi. Tumieni kifaa cha joto chenye kipimo na si sufuria, kwa kuwa hapa Moshi maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi.

Kwa wenzangu wa mifugo, neno moja. Alfa ya binadamu hufanya kazi kwenye seli za ng'ombe, na maabara nyingi hutumia seli za figo la ng'ombe kuipimia. Gamma haina ukarimu huo: ya binadamu haifanyi kazi kwa panya, na kwa ng'ombe tafuteni ya ng'ombe. Ninyi mnaopima kifua kikuu cha ng'ombe kwa damu mnaifahamu gamma kwa upande mwingine, kwani kipimo hicho huichokoza damu kwa tuberkulini, dondoo la protini za bakteria wa jamii ya kifua kikuu, na kuangalia ni gamma kiasi gani imetoka.

Mfano wa mwisho ni wa juzi tu. Mwaka 2020 watafiti walichunguza wagonjwa 987 wa UVIKO-19 waliokuwa katika hali ya hatari, wakakuta 101 kati yao wana kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe za tawi la kwanza. Mwili ulikuwa unapiga yowe na kujiziba mdomo papo hapo. Sehemu kubwa ya ushahidi ilitokana na jaribio ambalo sioni kwa nini lisifanyike hapa: changanya plazima (maji ya damu yasiyo na chembe) ya mgonjwa na interferoni ya kichupa, weka kwenye seli, tazama kama seli imesikia. Plazima zilizohifadhiwa kwa ridhaa na vibali halali tunazo kwenye mafriza ya mkoa huu.

Wenye umri kama wangu watakuwa wananingojea kwa jina Kemron. Mwaka 1990 jirani zetu Kenya walitangaza kwamba alfa, kwa kiwango kidogo sana cha kunyonya mdomoni, inawapa nafuu wagonjwa wa UKIMWI. Watu walisafiri, wakauza mali, na majaribio yaliyofuata hayakuonesha nafuu hiyo. Interferoni zimekuwa dawa za kweli kwa magonjwa mengine, kwa vipimo vingine na kwa usafi wa kiwango cha dawa. Kichupa chetu kimeandikwa "kwa utafiti tu", na jamaa akija mlangoni kukiomba kwa ajili ya mgonjwa wake, jibu ni hapana, hata akiwa mjomba wako.

Saa nane mchana, wale waliojiandikisha tutakutana maabara. Nina kichupa kimoja cha alfa-2 ambacho hakijafunguliwa. Tutakizungusha, tutakiyeyusha pamoja, na kila mmoja atagawa mirija kumi kwa mkono wake na kuandika tarehe kwa kalamu isiyofutika. Sahani ya seli za Vero imekwisha pandwa tangu jana. Safu ya kwanza haitapewa interferoni, safu ya pili itapewa ile iliyochemshwa, na safu ya tatu nimeiandalia mabaki ya mrija wangu wa zamani usio na albumini, ambao Mama alikataa nisiutupe.